Siku Mama Alipokataa Kuitika

Ukishuka kutoka Gesima kwa njia ya miguu, ukayaacha mashamba ya pareto nyuma yako, ardhi inakatika ghafla. Hakuna kinachokuonya. Unatembea kwenye nyasi, ng'ombe wanakula kando yako, kisha mbele hakuna kitu ila hewa, na chini kabisa vilele vya miti. Hilo ndilo korongo nililokulia karibu nalo. Wakoloni walikuwa wameufanya msitu wake kuwa hifadhi kabla sijazaliwa, na baada ya Uhuru halmashauri yetu iliendelea na amri zilezile: hakuna kukata kuni, hakuna kulisha, hakuna kuingia bila ruhusa. Watu wa mbali hawakulijua. Hata pale Keroka, ungemuuliza mtu habari za korongo, angefikiri unatafuta njia ya Sotik.

Kuta zake ni za mawe meupe ya chokaa. Si lile jiwe la Tabaka ambalo watu huchonga vinyago na bakuli. Hili huwezi kulichonga kitu. Linamomonyoka, linaacha unga kiganjani, na maji yamelila miaka na miaka mpaka likawa na mapango, na kwenye ukuta wa mashariki zikabaki nguzo ndefu zilizosimama kama watu kwenye foleni.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyetueleza habari za zile nguzo. Alikuwa ameachika, akarudi kujenga kwenye shamba la baba, na jioni tulikuwa tunachambua mboga jikoni kwake. Zamani, alisema, korongo lilikuwa ufa tu, mtu aliweza kuuruka. Bibi harusi mmoja akawa anapelekwa kwa mumewe upande wa pili. Alipofika kwenye ufa alisikia anaitwa kwa jina kutoka chini, kwa sauti ya mama yake. Akaitika. Mwamba ukafunguka ukamchukua yeye na msafara wake wote, nao ndio zile nguzo. Tangu siku hiyo korongo huita watu. Linajua jina la kila mtu na linaweza kuiga sauti ya yeyote.

"Kwa hiyo ukiwa kule ukasikia jina lako," alisema, "nyamaza. Hata kama unajua ni nani anayekuita, nyamaza."

"Na mtu akipotea huko, atatafutwaje?"

"Anayemtafuta hamwiti. Anasema mambo ya nyumbani kwao. Korongo linajua majina, lakini halijaingia jikoni kwa mtu."

Baba hakupenda kabisa hadithi hizo. Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kizazi cha kwanza katika ukoo wetu, mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kusoma Biblia na akakisema hivyo hivyo maisha yake yote, kana kwamba kila sentensi ilikuwa na namba ya aya. Alipotukuta tukisimuliwa, alisimama mlangoni mpaka shangazi akabadilisha mazungumzo. Mama hakuwahi kusema lolote. Lakini mama alizaliwa upande wa pili wa korongo, kwenye ukingo kabisa, na alipoolewa alipitishwa njia ndefu ya kuzunguka kule juu, akiwa amefunikwa uso. Hadithi ile hakuisikia ukubwani. Aliinyonya na maziwa.

Ninayotaka kusimulia yalitokea miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa shule ya msingi, madarasa ya juu. Baada yangu mimi mama alikuwa amezika watoto wawili wachanga, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewataja nyumbani. Mwaka ule alishika mimba tena na hakumwambia mtu. Aliogopa kuitangaza. Nguo zake zilikuwa pana, na pareto ilikuwa tele shambani, na kila mtu alikuwa ameinama.

Jambo moja tu lingeweza kumfichua. Mimba ilimtia hamu ya kutafuna jiwe. Wanawake wengi wa kwetu walitafuna udongo fulani laini uliouzwa sokoni, lakini mama alikuwa mtoto wa korongo, na ulimi wake ulitaka lile jiwe jeupe la kule chini, ambalo mama yake pia alilitafuna. Mwanzoni shangazi alimletea vipande, bila kuuliza sababu. Alivijua vichochoro ambavyo askari wa msitu hakuvifikia. Mama aliviweka ndani ya mkebe wa majani ya chai, chini ya kitanda.

Baba aliuona ule mkebe. Niliwasikia kupitia ukuta wa udongo, Ijumaa mchana, wakati wa kusafisha nyumba kwa ajili ya Sabato.

"Mke wa mzee wa kanisa," baba alisema, "anakula mawe kama kuku!"

Nikasikia mkebe ukifunguliwa.

"Na mawe yenyewe ya wapi? Ya kule. Ya mapepo yenu."

Nilimsikia akitoka, na nikasikia vipande vikigonga mbao za choo vikianguka. Sabato nzima mama aliimba kanisani bila kufungua mdomo sawasawa.

Jumapili asubuhi alisema anaenda kusaga wimbi. Tulikuwa shambani tukichuma maua ya pareto, baba, shangazi na mimi. Jua lilipofika utosini baba alinituma nyumbani nilete maji, na pale jikoni nikaona gunia la wimbi limekaa mahali pake, limefungwa. Kikapu kidogo hakikuwepo. Nilirudi nikamwambia baba. Alimtazama dada yake, na dada yake akatazama chini.

"Sema," baba alisema.

"Ameenda kutafuta jiwe."

"Mwenyewe? Bondeni?"

"Mimi ulinikataza nisimletee."

Baba aliweka chini maua aliyoshika. Alivua kofia, akaivaa tena, na tukaanza kwenda. Kwetu mvua hushuka mchana, kila siku, na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya vilima. Kijito cha korongo wakati wa mvua hakikui polepole. Kinafika chote mara moja.

Kwenye kibanda cha ukingoni tulimkuta askari wa msitu. Alikuwa Mkamba, mtu mzima, amevaa koti la kijeshi lililochakaa. Hakujua Kigusii, kwa hiyo mambo yote ya mchana ule, baba na yeye waliyasema kwa Kiswahili. Baba alimweleza. Askari hakutukaripia.

"Nimeona kikapu," alisema. "Pale kwenye njia ya nyani. Nikadhani ni cha mwizi wa kuni, nikakiacha nimnase akirudi."

Kilikuwa chetu. Kilikuwa tupu.

Tuliteremka kwa njia ile, askari mbele, baba nyuma yake, mimi nimeshikwa mkono na shangazi. Nilikuwa sijawahi kuingia. Juu kulikuwa na joto lile zito linalotangulia mvua, lakini kila hatua ya kushuka ilikuwa baridi zaidi, mpaka chini ikawa kama kuingia nyumba ambayo haijawashwa moto siku nyingi. Mizizi ya miti ilining'inia kutoka kwenye miamba. Maji yalipita kati ya mawe kwa sauti ndogo. Nguzo nyeupe zilikuwa juu yetu upande mmoja, na nilikuwa nimezoea kuziona kutoka mbali, nikidhani ni ndogo. Sikutaka kuzitazama.

Baba alisimama juu ya jiwe katikati ya kijito akamwita mama kwa jina lake.

Jina lile lilitoka kinywani mwake, likagonga ukuta wa magharibi, likarudi. Likagonga wa mashariki. Likashuka tena kutoka juu, dogo zaidi, kama limesemwa na mwanamke. Aliita tena kabla ya sauti ya kwanza kuisha, na majina yakapishana hewani mpaka hukuweza kujua lipi ni la baba. Shangazi aliziba masikio yangu kwa viganja vyake, lakini nilisikia bado.

Hakuna aliyeitika.

Tulitembea tukifuata maji, baba akiita, askari akipiga vichaka kwa rungu. Tulifika mahali ambapo kuta zinakaribiana, hakuna njia tena, tukarudi. Baba aliita mpaka sauti ikakauka. Kisha akaanza kumwita Mungu, na jina la Mungu nalo likarudi mara tatu nne, kama dhihaka, na nikaona uso wake ulivyobadilika. Alinyamaza. Tone la kwanza la mvua lilinidondokea shingoni.

"Inatosha, ndugu yangu," shangazi alisema kwa Kigusii. "Umemwita mno. Unamfungia mdomo."

"Nini?"

"Kama yuko hai, anakusikia. Anakusikia na hawezi kuitika. Wewe ungekuwa umelelewa pale juu, ungeitika?"

"Huo ni upuuzi."

"Ni upuuzi wako wewe. Wake si upuuzi." Alisema bila hasira. "Mwambie mambo ya nyumbani."

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo. Askari aliuliza tunasema nini, na shangazi, kwa Kiswahili chake kibovu, akamfafanulia. Nilidhani yule mgeni angecheka. Alikuna kidevu akasema, "Mzee, mvua inakuja. Kama kuna kitu cha kusema, sema."

Sijui baba alipambana na nini moyoni. Najua tu kwamba alikuwa mtu aliyewahi kumtoa mwanamke mmoja kanisani kwa sababu ya kwenda kwa mganga, na kwamba alisimama pale mvua ikianza kulowesha mabega yake na midomo ikitembea bila sauti. Nadhani alikuwa anaomba. Kisha akainua kichwa.

"Ng'ombe mwekundu," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anazungumza na mtu wa mezani. Akakohoa. Akapaza sauti. "Ng'ombe mwekundu amegoma! Hataki kukamuliwa na dada! Amepiga ndoo teke!"

Kuta zikarudisha: teke, teke.

"Kuku ametaga ndani ya gunia la pareto! Hatujui ni yupi!"

Alisubiri. Maji yalikuwa yamebadilika rangi miguuni pake, yamekuwa kama maziwa.

"Bati linavuja juu ya kitanda! Upande wako! Nilisema nitalitengeneza, sikulitengeneza!"

Shangazi alikuwa analia bila sauti. Mimi nilikuwa namtazama baba. Sijawahi kabla ya hapo wala baada ya hapo kumsikia mwanamume wa kwetu akitoa mambo ya chumbani kwake mbele ya mgeni, kwa sauti kama ya mnada. Akayataja mengine ambayo sitayaandika. Mwisho akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mawe yako niliyatupa mimi! Ijumaa! Niliyatupa chooni!"

Korongo lilirudisha maneno hayo yote, likayamaliza. Kisha, kutoka mahali karibu sana, karibu kuliko tulivyodhani, juu kidogo ya vichwa vyetu, sauti nyembamba ikauliza:

"Na mkebe uliupeleka wapi?"

Baba aliketi ndani ya maji. Hakuanguka, aliketi tu, kama mtu aliyeketishwa.

"Niliuficha darini," alisema. "Uko darini. Sikuutupa."

"Basi nipo hapa," mama alisema.

Alikuwa kwenye kipande cha mwamba kilichochomoza nyuma ya mizizi iliyoning'inia, chini ya zile nguzo, mahali tulipokuwa tumepita mara mbili. Alikuwa ameteleza akitafuta jiwe safi. Nyonga ilivunjika. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, ameegemea ukuta mweupe, midomo yake imejaa unga wa chokaa. Baba alipanda kwa magoti. Alipomfikia hakumkumbatia, watu wa kizazi chao hawakufanya hivyo mbele ya watu. Alimpangusa midomo kwa kona ya koti lake, tena na tena, hata ilipokuwa safi.

Askari alipiga filimbi, watu wa ukingoni wakaja. Walikata miti michanga, jambo ambalo yeye mwenyewe aliajiriwa kulizuia, wakafunga mablanketi kuwa machela. Tulifika juu tukiwa tumelowa chapachapa, na nyuma yetu tulisikia maji yakifika. Yalikuja na mngurumo. Mama hakugeuza kichwa. Lori lililokuwa limebeba ndizi lilimpeleka hospitali Kisii, amelazwa juu ya mikungu, baba amekaa kando yake ameshikilia mwavuli uliogeuzwa na upepo.

Huko ndiko daktari alikomwambia baba kwamba mkewe ni mjamzito. Shangazi alikuwapo. Aliniambia baba aliuliza, "Tangu lini?" na daktari akashangaa kuulizwa swali hilo na mume. Kisha baba akatoka nje akasimama chini ya paa la veranda mpaka usiku ukaingia, na mtu alipomkaribia alisema tu, "Niliyatupa. Aliyahitaji, mimi nikayatupa."

Mama alikaa hospitalini muda mrefu, mguu umefungwa na kuning'inizwa. Siku moja walipotuacha peke yetu aliniambia jambo ambalo lilinisumbua kwa miaka mingi na sijui kama limeacha.

"Si baba yako aliyeniita kwanza," alisema.

"Nani?"

"Asubuhi ile. Nikiwa nimeanguka tu. Niliitwa na bibi yako, mama yangu."

Bibi alikuwa amekufa kabla sijaanza shule.

"Aliniita kama alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo, nikichelewa na maji. Hakuwa na hasira. Nilitaka sana kuitika, mwanangu. Ulimi ulikuwa umeshainuka." Alinitazama kuona kama namwamini. "Halafu sauti ikawa ya baba yako. Nikasema, sasa limebadilisha. Limeona nimekataa, limechukua sauti nyingine."

"Na lilipoacha kuita?"

"Lilipoanza kusema habari za ng'ombe nikasema, hapana. Huyu ni yeye. Nani mwingine angepiga kelele kwa sababu ya ndoo?"

Alicheka kidogo, maumivu yakamkamata, akaacha.

Sikumwambia baba. Alikuwa na mzigo wake. Waliobeba machela walikuwa wamezisikia kelele zake kutoka ukingoni, na walikuwa na midomo, na haikupita muda kanisa zima likajua kwamba mzee wao alizungumza na korongo. Baraza la kanisa lilimwita. Nilisikia habari hizo kutoka kwa shangazi, naye alizipata kwa mke wa mmoja wa wazee. Walimuuliza kama alisali kabla ya kufanya lile alilofanya. Akasema alisali. Wakamuuliza kama anaamini korongo huita watu. Akasema haamini. Rafiki yake mmoja, akitaka kumfungulia mlango, akasema, "Basi sema tu ulikuwa unamtuliza mke wako, tuandike hivyo tumalize."

Baba akasema, "Niliomba na sikujibiwa. Nikafanya alivyosema dada yangu, nikajibiwa. Siwezi kusema vingine."

Wakamwondoa uzee. Nadhani hata wao hawakufurahi. Sabato iliyofuata aliingia kwa mlango wa kawaida, akaketi nyuma na vijana.

Dada yangu mdogo alizaliwa mama akiwa bado anatembelea mkongojo. Alikuwa mdogo sana, ngozi imekunjamana, na wanawake waliokuja kumwona hawakuleta zawadi kubwa, kwa sababu hawakudhani ataishi. Aliishi. Lakini nyumba yetu haikurudi ilivyokuwa. Wakati baba alipokuwa na hakika ya kila kitu tulimwogopa, na sasa alipokuwa hana hakika ya chochote tukaogopa zaidi. Bati alilitengeneza. Ng'ombe alimkamua mwenyewe, kazi ambayo wanaume walimcheka kwayo. Ila aliacha kututaja kwa majina. Sikuligundua mara moja. Alikuwa akisema "wewe wa shule," "wewe mdogo," na kwa mama alisema "mwenye nyumba." Hata akiwa shambani na sisi tuko nyumbani, hakuita. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kusema alichotaka.

"Ananisemesha kama mgeni," mama aliniambia. "Wanawake wengine wanaitwa. Mimi naletewa ujumbe."

"Mwambie."

"Nimwambie nini? Aniite? Akiniita, unafikiri mimi nitaweza kuitika?"

Miaka ilipita hivyo. Nilienda chuo cha ualimu, nikapangiwa shule upande wa Ekerenyo, na nyumbani nikawa mtu wa likizo. Chai iliingia mahali pa pareto. Halmashauri nayo ikakumbuka kwamba ina korongo. Wakaweka lango, wakachonga ngazi kwenye mwamba, wakasimamisha ubao wenye maandishi ya kijani unaosema hifadhi. Askari wa zamani alikuwa ameshastaafu akarudi kwao. Mahali pake waliweka kijana wa kuongoza wageni, hodari wa maneno, mwenye suruali pana chini kama vijana wote wa wakati ule. Wageni walikuwa wachache: wanafunzi, Wazungu wawili watatu kutoka mashamba ya Kericho, maharusi wa mjini waliotaka picha.

Likizo moja mama alisema anataka kwenda kuona hizo ngazi. Nilishangaa. Baba alikuwa anakata nyasi za ng'ombe, akasikia, akaendelea kukata. Tulikwenda watatu: mama na mkongojo wake, mimi, na mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa darasa la pili na hakujua lolote zaidi ya kwamba mama alianguka zamani.

Mama hakuweza kushuka zote. Tuliishia kwenye jukwaa la katikati, ambapo wageni wengine walikuwa wamesimama, na yule kijana akaanza kusimulia. Alianza na bibi harusi na zile nguzo, na alisimulia vizuri. Kisha akasema:

"Na msidhani ni mambo ya kale tu. Juzijuzi hapa, kulikuwa na mke wa mchungaji mmoja. Alikuwa na mimba. Akaja kuiba jiwe, korongo likamwita, akaitika. Mumewe alikuja kumtafuta akapata kikapu peke yake. Akapata wazimu. Akasimama pale, mnaona lile jiwe? Akapiga kelele habari za ng'ombe wake mpaka akabebwa."

Watu walicheka kwa woga. Mwanamke mmoja aliuliza, "Na mtoto?"

"Alienda naye. Usiku wa mvua utamsikia akilia."

Nilifungua mdomo. Mama alinikanyaga mguu kwa ncha ya mkongojo. Uso wake haukubadilika. Alikuwa anautazama ule mwamba ambao alikaa juu yake, ambao sasa ulikuwa umezungushiwa kamba. Mdogo wangu alikuwa ameshika leso ya mama, macho yamemtoka, anasikiliza kama watoto wanavyosikiliza.

Tukaanza kurudi. Karibu na nyumbani mdogo wangu akauliza, "Mama, huyo mke wa mchungaji alikuwa nani?"

Mama aliketi ukingoni mwa njia, akanyoosha mguu mbovu, akamwambia yote. Hakupunguza. Alimwambia hata kuhusu sauti ya bibi. Nilidhani si vema, na nikasema hivyo, na mama akajibu, "Bora alisikie kwangu kuliko kwa yule mwenye suruali."

Lakini mtoto ni mtoto. Usingizi wake ukaharibika. Aliuliza kama yeye ndiye yeye, au kama yule mwingine alibaki kule akaletwa huyu. Aliliuliza swali hilo wakati wa kula, mbele ya baba, na baba akaweka chini tonge lake.

Likizo yangu iliisha nikaondoka, kwa hiyo yaliyofuata niliyapata kwa mdogo wangu mwenyewe. Jumapili moja baba alivaa koti la kanisani akamshika mkono, wakaenda hadi langoni. Yule kijana alikuwa na kundi la wanafunzi. Baba alingoja mpaka amalize hadithi yote, pamoja na kilio cha usiku. Kisha akaomba nafasi ya kusema.

"Mimi ndiye yule mwenye wazimu," alisema. "Mke wangu yuko nyumbani, anachambua maharagwe. Mtoto ni huyu." Na akataja jina la mdogo wangu, lote, lake na la babu yake. Mdogo wangu aliniambia kwamba ilimchukua muda kuelewa kuwa ni yeye anayetajwa, kwa sababu hakuwahi kulisikia kwa sauti ile.

Kijana aliomba radhi kwa heshima, mbele ya wanafunzi. Baba akakubali, wakarudi nyumbani. Ningependa kuandika kwamba kuanzia hapo alituita sote kwa majina. Hapana. Kesho yake ilikuwa tena "wewe mdogo," na mama akaendelea kuwa mwenye nyumba. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba mdogo wangu alianza kulala.

Mwaka uliofuata, shuleni kwangu, mbali kabisa na Gesima, mtoto mmoja alisimama katika somo la masimulizi akatuhadithia habari za mke wa mchungaji aliyeitwa na korongo. Aliisimulia karibu neno kwa neno, na ng'ombe wakiwemo. Nilimpa alama nzuri. Nilipokwenda nyumbani nilimweleza mama, nikiwa na hasira, kwamba yule kijana haachi.

"Mwache," mama alisema. Alikuwa amekaa juani, anasugua nyonga yake kwa mafuta ya taa, kama alivyofanya kila msimu wa baridi. "Nani atatoka mbali kuja kumwangalia mwanamke aliyeanguka akabebwa?"